Jina na Funzo la Kisa: Ngitili, Makinikia na Uchomaji wa Dhahabu katika Shinyanga na Geita

Ikisiri

Makala hii inachunguza visa vitatu kutoka Shinyanga na Geita vinavyofaa kufundishia historia ya mazingira, biashara ya madini na tiba. Hoja yake ni kwamba funzo linalochotwa katika kisa hutegemea kwa kiasi kikubwa jina ambalo kisa hicho, au kiini chake, kimepewa. Neno "ngitili" lilihifadhi funzo. Neno "mchanga" lilizaa mafunzo mawili yanayopingana, na yote mawili yana kasoro. Kitenzi "kuchoma" kinaificha hatari inayowakabili wachenjuaji wa dhahabu. Makala inamalizia kwa kupendekeza vigezo vitatu vya kupimia jina la kisa kabla halijaingizwa katika vitabu.

1.0 Utangulizi

Miongoni mwa njia za kufundishia zilizozoeleka katika taaluma za historia, biashara na tiba ni uchunguzi kifani. Mwanahistoria huchagua wilaya moja au kipindi kimoja. Mwalimu wa biashara huchagua kampuni moja na uamuzi mmoja uliokuwa mgumu. Tabibu huchagua mgonjwa mmoja au kijiji kimoja. Kutokana na kisa hicho, msomaji hutarajiwa kuchota funzo atakalolitumia mahali pengine.

Manufaa ya njia hii hayana ubishi. Hata hivyo, ipo hatua moja ambayo aghalabu hupitwa bila kutazamwa: kabla kisa hakijafundishwa, sharti kwanza kipewe jina. Mwandishi huamua kama anachokieleza ni ukame au uharibifu, wizi au mgogoro wa hesabu, ugonjwa au ajali ya kazini. Uamuzi huo ni wa kiisimu, japokuwa mara nyingi hufanywa na watu wasiojihesabu kuwa wanaisimu.

Eneo linaloanzia Shinyanga hadi Geita, kusini mwa Ziwa Victoria, linafaa sana kwa uchunguzi wa suala hili. Dhahabu ya Geita iligunduliwa na Wajerumani mwaka 1898, na mgodi uliofunguliwa katika miaka ya 1930 uliendelea hadi 1966. Almasi ya Mwadui ilivumbuliwa mwaka 1940. Mgodi mkubwa wa sasa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, ule wa Bulyanhulu mwaka 2001, na ule wa Buzwagi mwaka 2009. Geita yenyewe ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Mwanza hadi ilipofanywa mkoa mwaka 2012. Katika eneo hili lugha tatu hukutana kila siku: Kisukuma cha nyumbani na malishoni, Kiswahili cha machimboni, sokoni na ofisini, na Kiingereza cha mikataba na ripoti za kitaalamu. Kisa kinapovuka kutoka lugha moja kwenda nyingine, jina lake hubadilika, na funzo lake huweza kubadilika pamoja nalo.

2.0 Kisa cha historia: kutoka "jangwa" hadi "ngitili"

Historia ya ardhi ya Shinyanga katika karne ya ishirini ni historia ya kufyeka. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya kikoloni iliendesha kampeni za kukata vichaka ili kuwaangamiza mbung'o, na Shinyanga ikawa makao ya utafiti wa mdudu huyo chini ya C. F. M. Swynnerton. Baadaye kilimo cha pamba kilipanuka na idadi ya mifugo ikaongezeka. Katika miaka ya 1970 Operesheni Vijiji iliwahamisha wananchi kutoka katika makazi yao ya asili. Kila hatua ilikuwa na sababu zake, lakini jumla yake ilikuwa ardhi iliyovuliwa miti na majani. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 Shinyanga ilikuwa imekwishaanza kuitwa "jangwa la Tanzania".

Jina hilo linahitaji kuchunguzwa. Jangwa, katika fahamu ya msemaji wa kawaida wa Kiswahili, ni hali ya maumbile. Hakuna aliyelitengeneza, na hakuna kilichokuwapo kabla yake. Anayeambiwa kwamba mahali fulani ni jangwa hawezi kuuliza ni nini kilichoondolewa. Atauliza tu ni nini kitakacholetwa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa kifupi kama HASHI, ulianzishwa mwaka 1986, na katika miaka yake ya kwanza ulifuata mantiki hiyohiyo. Vitalu vya miche vilianzishwa, na miti ya kigeni ikatiliwa mkazo.

Mabadiliko yalikuja pale wataalamu wa mradi walipolichukua kwa uzito neno ambalo wafugaji wa Kisukuma walikuwa nalo muda wote: ngitili. Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza, likaachwa majani na miti iote, kisha likafunguliwa kwa mifugo wakati wa kiangazi, malisho mengine na mabua ya mashambani yanapokuwa yamekwisha. Inaweza kuwa ya kaya moja au ya kijiji. Kanuni zake huwekwa katika dagashida, yaani mkutano wa wanakijiji, na ulinzi wake ulikuja kusaidiwa na sungusungu. Anayeingiza ng'ombe kabla ya wakati hutozwa faini. Kwa hiyo ndani ya neno moja mna mahali, majira, mwenye mali, mlinzi na adhabu.

Linganisha na neno "hifadhi" katika Kiswahili cha leo. Hifadhi ni mahali ambapo mwananchi huzuiwa kuingia. Ukimwambia mfugaji kwamba malisho yake yatafanywa hifadhi, umemwambia kwamba atayapoteza. Ukimwambia afunge ngitili, umemwambia asubiri. Tofauti kati ya kupoteza na kusubiri ndiyo kiini cha kisa cha Shinyanga. Ajabu ni kwamba mradi wenyewe ulibeba neno "hifadhi" katika jina lake, ilhali mafanikio yake yalitokana na kufuata neno lingine.

Mafanikio hayo yanajulikana. Ngitili zilizokuwa zimesalia mwaka 1986 zilikadiriwa kuwa takriban hekta 600. Kufikia miaka ya mwanzo ya 2000 makadirio yalikuwa yamepita hekta 300,000. Monela na wenzake (2005) walikadiria manufaa ya ngitili kuwa dola 14 za Marekani kwa mtu kwa mwezi, kiasi kilichozidi wastani wa matumizi ya mwananchi wa kijijini wakati huo.

Hata hivyo, tangu hapo kisa hiki kimesafiri mbali kikiwa na jina lingine. Katika maandishi ya kimataifa, hasa baada ya Mwito wa Bonn wa mwaka 2011 uliolenga kurejesha uoto katika hekta milioni 150 ifikapo 2020, Shinyanga hutajwa kama mfano wa "urejeshaji wa misitu". Jina hilo si la uongo, lakini limebakiza miti na hekta tu. Majira, dagashida na faini vimedondoka njiani. Msomaji wa nchi nyingine anayetaka kuiga Shinyanga kwa kutumia jina hilo huenda akarudi palepale HASHI ilipoanzia, yaani kwenye vitalu vya miche.

3.0 Kisa cha biashara: "mchanga", "makinikia" na "marudio"

Mnamo Machi 2017 Rais John Magufuli alipiga marufuku usafirishaji nje ya nchi wa kile kilichokuwa kikiitwa "mchanga wa dhahabu". Makontena 277 yalizuiwa katika bandari ya Dar es Salaam. Yaliyomo yalitoka katika migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, ambayo yote ilikuwa Kahama, Mkoa wa Shinyanga, ikimilikiwa na kampuni ya Acacia. Kamati ya kwanza, iliyoongozwa na Profesa Abdulkarim Mruma, iliwasilisha ripoti yake Mei 2017. Ya pili, iliyoongozwa na Profesa Nehemiah Osoro, iliwasilisha yake Juni 2017. Kampuni iliyapinga matokeo ya kamati hizo. Sheria mpya za rasilimali zilipitishwa mwaka huohuo, na mrabaha wa dhahabu ukapandishwa kutoka asilimia 4 hadi asilimia 6. Mwaka 2019 kampuni ya Barrick iliinunua Acacia yote, na Januari 2020 ikatia saini makubaliano na Serikali. Kampuni ya ubia ya Twiga iliundwa, Serikali ikiwa na asilimia 16 ya hisa, na Barrick ikakubali kulipa dola milioni 300 ili kumaliza mgogoro.

Mwalimu wa biashara atakiona hapa kisa kamili kuhusu mikataba, kodi na mamlaka ya dola. Mwanaisimu hana budi kuuliza swali la awali: kitu kilichokuwa ndani ya makontena kilikuwa nini? Kilikuwa zao la kiwandani. Mwamba ulisagwa, ukatenganishwa kwa maji na kemikali, na sehemu yenye shaba, dhahabu na fedha ikakusanywa pamoja ili ikayeyushwe katika viwanda vya nje, kwa kuwa nchini hapakuwa na kiwanda cha kufanya hivyo. Kwa macho kitu hicho hufanana na mchanga. Kwa asili si mchanga.

Neno "mchanga" katika Kiswahili ni jina la kitu kisicho na thamani, kinachopatikana popote na kisichohesabika. Lilipotumiwa kuitia zao hili, lilifungua milango miwili ya makosa. Wa kwanza uliwafaa wanaopuuza: ikiwa ni mchanga tu, hakuna haja ya kuukagua kwa makini. Wa pili uliwafaa wanaotuhumu: ikiwa inaitwa mchanga na kumbe ina dhahabu, basi dhahabu hiyo imefichwa. Ukweli wa kibiashara haukuwa katika mlango wowote kati ya hiyo miwili. Zao lilitangazwa kuwa na madini na mrabaha wake ulilipwa. Mgogoro ulihusu kiasi kilichomo, nani alikipima, na kwa kipimo gani. Hilo ni suala la maabara na hesabu, na neno "mchanga" halina nafasi ya maabara.

Neno "makinikia" lilienea katika mjadala huohuo, na ndani ya muda mfupi likawa mali ya wauza magazeti na wabunge sawia. Umbo lake linaelekea kwenye "makini" na "makinika". Katika Kiingereza neno moja hubeba maana ya kukaza fikira na pia ya kitu kilichokolezwa, na inaelekea ile maana ya kwanza ndiyo iliyotumika kuiwakilisha ya pili. Kwa vigezo vya uundaji wa istilahi huu si uundaji bora. Mzizi wa "koleza" ungetoa neno ambalo mpishi na mtia rangi wangelielewa bila kufafanuliwa. Pamoja na kasoro hiyo, "makinikia" lilifanya kazi moja kubwa: lilikitoa kitu katika jamii ya mchanga na kukipa jamii yake. Kitu chenye jina lake huweza kuulizwa kiasi, daraja na bei. Funzo la kiisimu hapa ni kwamba hata istilahi yenye asili ya kutiliwa shaka huweza kuwa bora kuliko neno la kawaida linalopotosha.

Jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba wachimbaji wadogo wa Geita na Kahama hawakuwa na upungufu huo wa msamiati. Wao wana neno "marudio", yaani mabaki ya mwamba uliokwisha kuchenjuliwa, ambayo huuzwa na kuchenjuliwa tena kwa sababu yanajulikana kubakiza dhahabu. Marudio huonekana kama tope lililokauka, lakini hakuna mchimbaji anayeyaita tope. Jina linatokana na kitenzi "rudia", na linamkumbusha muuzaji kwamba kazi haijaisha na thamani haijatoka yote. Taifa zima lilipokuwa likibishana kuhusu mchanga, machimboni palikuwa na mfano wa namna ya kukiita kwa usahihi kitu chenye sura duni na thamani iliyojificha. Mfano huo haukuulizwa.

4.0 Kisa cha tiba: nani anachomwa katika "kuchoma dhahabu"?

Kisa cha tatu ndicho chenye gharama kubwa kuliko vyote, kwa kuwa kinahusu miili ya watu. Katika machimbo madogo mwamba husagwa kwa karasha, unga wake huoshwa, kisha zebaki huchanganywa ili ishikamane na chembe za dhahabu. Donge linalopatikana, ambalo takriban nusu ya uzito wake huwa zebaki, hutiwa motoni hadi zebaki itoke na dhahabu ibaki. Hatua ya kwanza huitwa "kukamatisha". Ya pili huitwa "kuchoma".

Sarufi ya hatua hizo mbili ina la kufundisha. Katika sentensi "zebaki hukamata dhahabu", zebaki ni mtenda: imetajwa, inaonekana, na kazi yake inajulikana. Katika sentensi "fulani anachoma dhahabu", mtenda ni mtu, yambwa ni dhahabu, na zebaki imetoweka. Kitenzi hakikuiachia nafasi. Aidha, "choma" ni kitenzi cha kumaliza: takataka zikichomwa zimekwisha, na matofali yakichomwa yamekamilika. Anayesikia kwamba dhahabu imechomwa huelewa kwamba moto umeondoa uchafu na jambo limefikia mwisho.

Kikemia, moto haukuchoma chochote. Zebaki huchemka katika nyuzi 357 za Selsiasi na kugeuka mvuke. Mvuke huo hauna harufu na hauonekani kama moshi uonekanavyo, hivyo aliyezoea kuukwepa moshi hana sababu ya kuukwepa. Takriban asilimia 80 ya mvuke wa zebaki unaovutwa hubaki mwilini, ilhali zebaki ya majimaji ikimezwa, ni chini ya asilimia 1 inayopenya kutoka tumboni. Kwa maneno mengine, hatari kubwa ipo katika pumzi kuliko mkononi au mdomoni. Onyo linalosema tu kwamba zebaki ni sumu na isishikwe humwacha mchenjuaji bila kinga katika dakika zilezile anazohitaji kinga zaidi.

Ushahidi ulipatikana katika eneo hilihili. Rwamagasa, wilayani Geita, ilikuwa miongoni mwa vituo vya mradi wa kimataifa wa zebaki uliosimamiwa na shirika la UNIDO kuanzia mwaka 2002. Wakazi walipimwa na kulinganishwa na watu wa Katoro wasiofanya kazi hiyo. Waliokuwa wakichoma donge la dhahabu ndio walioonyesha zaidi dalili za kudhurika, zikiwamo kutetemeka na kuyumba wakati wa kutembea, kama walivyoripoti Bose-O'Reilly na wenzake (2010). Pale ambapo kazi hiyo hufanyika nyumbani, anayevuta mvuke si mchimbaji peke yake. Ni mke, mtoto na jirani pia.

Hapa panazuka suala la kisa kilichoazimwa. Mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki, uliopitishwa mwaka 2013, ukaanza kutumika mwaka 2017 na kuridhiwa na Tanzania mwaka 2020, umepewa jina la Minamata. Katika mji huo wa Japani, ugonjwa uliotambuliwa rasmi mwaka 1956 ulisababishwa na maji machafu ya kiwanda yaliyoingia baharini, yakaingia katika samaki, na kupitia samaki yakawafikia watu. Ni kisa kikuu, na kukienzi ni haki. Lakini jina lake huelekeza macho majini. Msomaji wa Geita akilichukua funzo hilo kama lilivyo, atamtilia shaka samaki wa ziwani, huku jiko la kuchomea dhahabu likiendelea kuwaka uani. Ziwa nalo lastahili kulindwa, ila njia iliyodhihirika zaidi Rwamagasa ilikuwa ya pumzi.

Kiswahili hakikosi neno la kueleza jambo hili. Kila msemaji anaifahamu maana ya kujifukiza: mgonjwa hujifunika blanketi juu ya chungu cha majani yanayochemka ili mvuke wa dawa umwingie mwilini. Hakuna anayehitaji kufundishwa kwamba mvuke hupenya, wala kwamba uliyemfunika pamoja nawe naye hufukizwa. Basi anayechoma dhahabu bila chombo kilichofungwa cha kunasia mvuke anajifukiza zebaki, na akifanya hivyo ndani ya nyumba anawafukiza watoto wake. Sentensi hiyo inairudisha zebaki katika nafasi yake ya kisarufi, na inamtaja anayepatwa. Tena inadokeza kinga: mvuke ukizibwa katika chombo na kupozwa, zebaki hurudi kuwa majimaji na huweza kutumika tena. Mchimbaji anayeyajua marudio hatashindwa kuielewa hesabu hiyo.

5.0 Mjadala

Yumkini atatokea wa kupinga kwamba maneno hayamwui mtu, na kwamba linalomrudisha mchenjuaji kwenye moto ulio wazi ni ufukara, haraka ya kuuza na bei ya vifaa. Pingamizi hilo ni la kweli kwa sehemu. Masoko ya madini yaliyoanza kufunguliwa mwaka 2019, la Geita likiwa la kwanza, yalirekebisha mambo ambayo istilahi pekee isingeyarekebisha. Vilevile ngitili haikurudi kwa nguvu ya jina tu. Ilirudi kwa sababu wananchi walihakikishiwa kwamba ni mali yao.

Lakini katika visa vyote vitatu, jina ndilo lililoamua ni swali lipi liulizwe kwanza. "Jangwa" liliuliza ni mti gani upandwe, na "ngitili" likauliza ni nani afunge na afungue lini. "Mchanga" liliuliza ni nani mwizi, na "makinikia" likauliza ni kiasi gani. "Kuchoma" huuliza ni gramu ngapi zimebaki, na "kufukiza" huuliza ni nani amevuta. Fedha na sheria hufuata swali lililokwisha kuulizwa.

Kutokana na ulinganisho huu vinajitokeza vigezo vitatu. Kwanza, jina la kisa lipimwe kwa washiriki wake: je, lina nafasi ya kila anayetenda na kila anayetendewa? Pili, lipimwe kwa fasiri zake mbovu: je, anayepuuza na anayetuhumu wote wanaweza kulitumia kwa faida yao? Tatu, lipimwe kwa wenye kazi: je, malishoni au machimboni tayari lipo neno linalosema vizuri zaidi?

6.0 Hitimisho

Tangu BAKITA ilipoundwa mwaka 1967, mjadala wa istilahi nchini umejikita zaidi katika kutafuta visawe vya maneno ya Kiingereza. Visa vya Shinyanga na Geita vinaonyesha kwamba ipo kazi ya awali zaidi, nayo ni kuchunguza mawazo yaliyomo katika maneno ambayo tayari yanatumika, pamoja na yale yanayosahauliwa. Kazi hiyo haiwezi kufanywa maktabani peke yake. Inahitaji mtafiti akae kwenye mialo ya kuoshea dhahabu, asikilize vitenzi, na aandike ni nani ametajwa katika sentensi na ni nani ameachwa nje. Kwa mintarafu ya zebaki kazi hiyo haifai kucheleweshwa, kwa kuwa walioachwa nje ya sentensi wamo ndani ya nyumba.